Kuiachia Gesi Itanuke: Historia Fupi ya Kudhibiti Visima vya Mafuta

Babu yangu alikuwa mvuvi katika Ziwa Albert, ambalo kwetu Bunyoro tunaliita Mwitanzige. Alinifundisha kupasua mputa, samaki ambaye Watanzania humwita sangara na Wakenya humwita mbuta. Ndani yake alinionyesha bondo, ule mfuko wa hewa unaomsaidia samaki kuelea. Aliniambia kwamba samaki aliyevutwa haraka kutoka kilindini hufika juu bondo limevimba kupita kiasi, na mara nyingine limesukuma tumbo hadi mdomoni. Hewa iliyomo haikuongezeka hata chembe. Kilichopungua ni uzito wa maji yaliyokuwa yakiibana.

Nilikumbuka bondo hilo miaka mingi baadaye, binamu yangu anayesomea uhandisi wa petroli aliponikalisha mbele ya kompyuta yake ya mkononi. Kwenye skrini palikuwa na mchoro wa kisima, vipimo viwili na koki moja. Aliniambia: "Gesi imeingia chini. Itoe bila kukiharibu kisima." Mimi mwanafunzi wa Kiswahili nilifanya ambalo kila mtu angelifanya: niliifunga koki kwa nguvu zote nikaiacha hivyo. Baada ya dakika chache programu ikaniarifu kwamba mwamba wa chini umepasuka. Binamu akacheka, akasema: "Usione haya. Wataalamu wenyewe walilifanya kosa hilo kwa miaka mingi."

Insha hii inafuatilia kauli hiyo ya binamu. Ninauliza: kwa nini wachorongaji wa mafuta walichukua zaidi ya nusu karne kujua namna ya kuitoa gesi kisimani, na uigaji wa kompyuta ulibadilisha nini? Hoja yangu ni kwamba tatizo kubwa halikuwa uhaba wa chuma wala wa ushujaa. Tatizo lilikuwa kwamba gesi inatenda kinyume na silika ya binadamu, tena mahali ambapo jicho halifiki.

Teke la gesi

Kwanza tuelewe kinachotokea. Mtambo wa kuchoronga husukuma tope maalumu kupitia ndani ya bomba hadi kwenye kekee iliyo chini kabisa. Tope hilo hurudi juu kupitia mwanya ulio kati ya bomba na ukuta wa kisima, likibeba mawe yaliyosagwa. Lakini lina kazi nyingine kubwa zaidi: uzito wake ndio unaozuia mafuta, maji na gesi vilivyomo kwenye mwamba visiingie kisimani.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kisima kina kina cha mita 2,500, na lita moja ya tope ina uzito wa kilo 1.2. Chini kabisa tope hilo hugandamiza kwa nguvu ya bari 294 hivi, na bari 1 ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Ikiwa gesi iliyo kwenye mwamba ina bari 314, imelizidi tope kwa bari 20, na itaanza kuingia. Wachorongaji huliita tukio hilo teke. Dalili yake ya kwanza ni ndogo: tope linalorudi kwenye matangi huzidi lile lililosukumwa chini, labda kwa mita 2 za ujazo tu.

Mita 2 hizo ni bondo la samaki wa babu. Kwa kanuni ya Boyle inayofundishwa sekondari, gesi iliyobanwa kwa bari 314 ikifika juu bila kuzuiwa itatanuka zaidi ya mara 300. Inapotanuka hulisukuma tope nje ya kisima. Tope likipungua, uzito wa chini hupungua. Uzito ukipungua, gesi nyingine huingia. Kisima hufumuka. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Enzi ya kushangilia mlipuko

Mwanzoni mwa karne ya 20, kufumuka kwa kisima hakukuhesabiwa kuwa aibu. Tarehe 10 Januari 1901, kwenye kilima cha Spindletop karibu na mji wa Beaumont, Texas, kisima kilichosimamiwa na Anthony Lucas na kuchorongwa na ndugu wa ukoo wa Hamill kilitema tope, kikayarusha mabomba hewani, kikatoa gesi na kisha mafuta. Mafuta yaliruka juu kupita mnara wa mtambo, yakikadiriwa kuwa mapipa 100,000 kwa siku. Ilichukua siku 9 kukifunga. Watu walisafiri kwenda kukitazama na kupigwa picha mbele yake, kwa maana mlipuko ulikuwa ndiyo ithibati ya utajiri.

Jambo la kushangaza ni kwamba silaha ya kuzuia mlipuko ilikuwa tayari mikononi mwa ndugu hao. Mchanga wa Spindletop ulikuwa ukiporomoka ndani ya kisima, na inasimuliwa kwamba waliwaswaga ng'ombe ndani ya dimbwi ili wayavuruge maji yawe tope, kisha wakalisukuma tope hilo chini lishikilie kuta. Walilitumia kuzuia mchanga. Wazo kwamba tope hilohilo likipimwa uzito wake linaweza kuizuia gesi lilikuwa bado halijawa kanuni ya kazi.

Miaka tisa baadaye, mwezi Machi 1910, kisima cha Lakeview katika jimbo la California kilifumuka, nacho hakikutulia hadi Septemba 1911. Kilimwaga mapipa yapatayo milioni 9. Wafanyakazi walijenga kuta za mifuko ya mchanga na udongo kulizunguka ziwa la mafuta, kwani hapakuwa na namna ya kukifunga.

Chuma na tope zito

Mabadiliko yalikuja miaka ya 1920 kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa chuma. Mwaka 1922, huko Texas, James Abercrombie na fundi mitambo Harry Cameron walibuni kifaa cha kufungwa kwenye mdomo wa kisima, chenye vipande viwili vya chuma vinavyosogezwa kutoka pande mbili na kulikumbatia bomba hadi mwanya uzibike. Ndiye babu wa mitambo yote ya kuzuia mlipuko inayotumika leo.

Ya pili ilikuwa tope lenyewe. Katika jimbo la Louisiana, lenye visima vya gesi vilivyokuwa vikifumuka mara kwa mara, Ben Stroud alianza kutetea matumizi ya tope lililoongezwa uzito kwa madini. Madini ya baraiti, yenye uzito wa zaidi ya mara nne ya maji, yakawa kiungo cha kawaida. Sasa mchorongaji aliweza kuchagua uzito wa tope lake. Katika mfano wetu wa juu, kupandisha uzito kutoka kilo 1.2 hadi kilo 1.28 kwa lita kunatosha kuzikabili zile bari 20 zilizopungua.

Mtu angedhani kwamba hapo tatizo lilikuwa limekwisha, kwa kuwa mlango wa kufunga ulikuwapo na tope zito lilikuwapo. Lakini kilichokosekana ni utaratibu wa kutoka hali moja hadi nyingine. Kisima kimefungwa, gesi imo ndani, tope zito liko kwenye matangi. Unaitoaje gesi na kuliingiza tope bila kufanya moja kati ya makosa mawili: kuiachia mno ikafumuka, au kuibana mno ikapasua mwamba?

Kosa la kukaza koki

Hapa ndipo silika ilipowapotosha wengi. Njia mojawapo ya zamani ilikuwa kuhakikisha kwamba kiasi cha tope kinachotoka ni sawasawa na kinachoingia, ili matangi yasiongezeke. Kwa macho ilionekana njia ya busara, kwa sababu matangi kuongezeka ndiyo ilikuwa dalili ya hatari tangu mwanzo. Lakini kama kinachotoka ni sawa na kinachoingia, maana yake gesi iliyo ndani haikupewa nafasi hata kidogo ya kutanuka.

Turudi kwenye hesabu yetu. Gesi iliyoingia ikiwa na bari 314, isipotanuka, itapanda hadi juu ikiwa na bari hizohizo 314. Ikifika mdomoni mwa kisima, chini yake kuna mita 2,500 za tope lenye bari 294. Kwa hiyo mwamba wa chini utabeba jumla ya bari 608, karibu mara mbili ya nguvu iliyohitajika. Miamba mingi haihimili hilo. Itapasuka, tope litapotelea ndani ya nyufa, na gesi itajitafutia njia nyingine, pengine nje kabisa ya kisima. Hilo ndilo kosa nililolifanya mbele ya binamu yangu.

Kufikia mwaka 1960, maandishi ya wahandisi kama O'Brien na Goins yalikuwa yakieneza kanuni tofauti: kinachopaswa kubaki vilevile ni mgandamizo wa chini kabisa ya kisima, na kiasi cha tope matangini kiachwe kipande. Gesi iachwe itanuke kwa kipimo, koki ikirekebishwa kidogo kidogo. Na kwa kuwa ndani ya bomba la kuchorongea mmejaa tope lisilo na gesi, kipimo cha juu ya bomba hilo ni kama dirisha: kinamwonyesha mchorongaji hali ya chini asikoweza kufika.

Kutokana na kanuni hiyo zipo njia mbili zinazofundishwa hadi leo. Ya kwanza huitwa njia ya mchorongaji. Mzunguko wa kwanza huitoa gesi kwa kutumia tope lilelile la zamani, na mzunguko wa pili huingiza tope zito. Faida yake ni kwamba kazi huanza mara moja. Ya pili ni njia ya kungoja na kuongeza uzito. Kisima hubaki kimefungwa hadi tope zito liwe tayari, kisha kazi yote hufanywa kwa mzunguko mmoja. Mara nyingi hupunguza mgandamizo unaobebwa na kuta za kisima, lakini gesi haingoji pamoja nawe. Wakati unaongeza uzito yenyewe inaendelea kupanda. Kuchagua kati ya njia hizo mbili kunahitaji kujua mapema mgandamizo wa juu utafika wapi na lini. Swali hilo ndilo lililoiingiza kompyuta katika kazi hii.

Kisima ndani ya kompyuta

Mwaka 1968 LeBlanc na Lewis walichapisha modeli ya kihesabu ya teke la gesi. Ilikuwa modeli sahili: gesi yote ilichukuliwa kuwa povu moja lisilogawanyika, lililojaza mwanya wote, likipanda kwa mwendo wa tope. Msuguano katika mwanya haukuhesabiwa. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mhandisi aliweza kuchora mapema jinsi mgandamizo kwenye koki utakavyopanda gesi inapokaribia juu, kisha ulegee gesi inapotoka.

Kila aliyefanya kazi mtamboni alijua kwamba gesi haipandi kama povu moja. Hutawanyika, huchanganyika na tope, na viputo vyake hulipita tope kwa kasi. Kwa sababu ya kurahisisha huko, modeli ya povu moja mara nyingi hutabiri mgandamizo mkubwa kuliko unaotokea kweli. Lakini ninaona kwamba hapa kuna funzo kwa mwanahistoria: kosa hilo liliegemea upande wa usalama. Aliyejiandaa kwa bari nyingi hakudhurika zilipokuja chache.

Kosa la upande wa pili lilijitokeza matumizi ya tope lililotengenezwa kwa mafuta yalipoenea. Katika tope la maji, gesi hubaki gesi. Katika tope la mafuta huyeyuka ikapotea machoni, kama ile gesi ya soda iliyo ndani ya chupa isiyofunguliwa. Matangi hayaongezeki sana, vipimo vinaonekana vitulivu, na mchorongaji hana wasiwasi. Tope likikaribia juu na mgandamizo ukipungua, gesi hutoka kwa ghafla, kama soda iliyotikiswa na kufunguliwa. Modeli isiyojua kuyeyuka huko ingempa mtu utulivu wa uongo.

Ndiyo maana katika miaka ya 1980 watafiti walirudi kwenye visima halisi. Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana kilitumia visima vya utafiti ambamo gesi iliingizwa kwa makusudi na kutolewa chini ya uangalizi, ili hesabu zilinganishwe na vipimo. Mwaka 1987 Nickens alichapisha modeli iliyofuatilia gesi na tope kwa pamoja, hatua kwa hatua, katika kila sehemu ya kisima. Kizazi hicho cha modeli ndicho kilichozaa programu za leo, pamoja na ile niliyoivuruga mimi. Siku hizi mchorongaji hukaa mbele ya mtambo wa kuigia, hupewa teke asilolitarajia, na hupimwa kama anaweza kulidhibiti. Akikosea, anaanza upya. Spindletop hapakuwa na kuanza upya.

Kilichosahaulika mwaka 2010

Je, uigaji umemaliza milipuko? Hapana. Tarehe 23 Desemba 2003, katika wilaya ya Kaixian nchini China, gesi iliingia kisimani wakati mabomba yakipandishwa, nacho kikafumuka. Gesi hiyo ilikuwa na sumu ya salfa iliyoenea vijijini usiku. Watu 243 walifariki, wengi wao wanavijiji ambao maisha yao hayakuhusiana na uchorongaji isipokuwa kwa ujirani.

Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Meksiko, wafanyakazi wa mtambo wa Deepwater Horizon walipima kama kisima cha Macondo kimezibika vizuri. Kipimo cha bomba kilionyesha paundi 1,400 kwa inchi ya mraba, ilhali laini nyembamba ya pembeni ilionyesha sifuri. Vyote viwili vilikuwa vikielekea kisima kimoja, kwa hiyo tofauti hiyo ilikuwa onyo. Ikatolewa maelezo yaliyoonekana kuridhisha, na kazi ya kuondoa tope zito na kuweka maji ya bahari ikaendelea. Kuanzia kama saa 3 usiku mgandamizo ulipanda ilhali pampu hazikuwa zimeongezwa kasi. Kabla ya saa 4 mtambo ulilipuka. Watu 11 walikufa, na mafuta yalimwagika baharini kwa siku 87.

Baadaye wachunguzi waliziingiza takwimu za usiku ule katika kompyuta, na modeli zikaonyesha gesi na mafuta vikiingia muda mrefu kabla ya mlipuko. Maarifa yalikuwapo. Vipimo vilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: "Tusimame kwanza." Uigaji unaweza kumwonyesha mtu asichokiona, lakini haumlazimishi kuamini anachoonyeshwa. Hapo naona mpaka wa teknolojia hii, na pia sababu ya kuisoma kama historia ya watu, wala si ya mashine peke yake.

Kando ya ziwa letu

Kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Uganda ajali haya? Kwa sababu yamefika nyumbani. Tangu miaka ya 1920 mwanajiolojia Wayland aliandika kuhusu mafuta yanayochuruzika kando ya Ziwa Albert, na mwaka 1938 kisima cha Waki kilichorongwa karibu na Butiaba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 visima vya Turaco katika bonde la Semliki vilikuta gesi yenye hewa ya ukaa kwa wingi. Mwaka 2006 mafuta ya kutosha kwa biashara yalitangazwa, na mojawapo ya visima hivyo huitwa Mputa, jina lilelile la samaki wa babu. Januari 2023 uchorongaji wa visima vya uzalishaji ulizinduliwa katika eneo la Kingfisher, ambako visima huanzia ufukweni na kupinda hadi chini ya ziwa.

Bomba la kusafirisha mafuta hayo limepangwa kuwa na urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mnyoro, Mganda, Mhaya, Msukuma, Mgogo na Mdigo watakutana katika kazi hiyo, na lugha watakayoelewana wote ni Kiswahili. Lakini binamu yangu alipojaribu kunieleza kazi yake kwa Kiswahili, kila sentensi ilikwama kwenye neno. Katika insha hii nimetumia teke, koki, mwanya na tope zito. Wengine watapata maneno bora zaidi, nami nitayapokea kwa furaha. Lililo muhimu ni kwamba maneno hayo yawepo kabla ya siku yatakapohitajika, kwani mtu hawezi kutoa onyo kwa neno asilokuwa nalo.

Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba watu walijua kufunga kisima mapema sana, lakini kujua namna ya kuiachia gesi kwa kipimo kulichelewa, na ucheleweshaji huo ulilipiwa kwa maisha. Inaonyesha pia kwamba wanaoishi jirani na kisima, kama wale wa Kaixian, wana haki ya kujua kinachoendelea chini ya miguu yao. Nilipomweleza babu kuhusu programu ya binamu, hakuuliza kuhusu kompyuta. Aliuliza: "Sasa huyo anayeshika koki, anajua bondo linavyovimba?" Nilimjibu kwamba sasa wanafundishwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi na sisi wa ufukweni tufundishwe."